Kupanga seshoni ya studio: programu ipi ulipie, ipi uache

Kabla ya kutoa hela, fikiria nani atausoma mpango wako. Ni kijana anayevuta waya saa mbili asubuhi. Kwa hiyo tumezipanga programu hizi kwa kigezo kimoja: akiishika karatasi uliyochapisha, ataweza kufunga maiki 16 bila kukupigia simu?

1. Lahajedwali: LibreOffice Calc au Google Sheets. Zote bure, na Calc haili bando. Kila chaneli ipe mstari wake, kisha safu hizi: namba, ala, maiki, stendi, 48V, tundu la ukutani, jina la traki, hedifoni. Chini, ili kuhesabu maiki aina ya SM57, andika =COUNTIF(C2:C17;"SM57"). Ikitoa 6 na stoo zipo 4, umejua leo, siyo kesho bendi ikiwa imeshakaa. (Nukta-mkato ikikataliwa, weka mkato.)

Safu ya 48V (umeme unaotumwa kwenye maiki za kondensa) usiiruke. Kwenye intafesi nyingi (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) swichi moja huhudumia chaneli nne. Kondensa ya fidla ikiwa chaneli ya 3 na maiki ya riboni (isiyotaka umeme huo) chaneli ya 4, umeme unafika kwenye zote mbili, na waya wenye hitilafu unaweza kuiua riboni. Panga kondensa zote 1–4, zisizotaka umeme 5–8.

2. REAPER. Dola 60 kwa mtu binafsi au studio ndogo, 225 kwa biashara inayoingiza zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na siku 60 za kujaribu programu nzima. Hii ni ya kurekodia, lakini violezo vyake ni nusu ya mpango: unahifadhi traki 16 zikiwa na majina, rangi, ingizo na migao ya hedifoni, halafu siku ya kazi unafungua tu.

Inapokosewa ni kwenye namba. Kiolezo hukumbuka namba ya ingizo, hakijui kilichochomekwa. Ukiongeza priampu nane (vikuza sauti ya maiki) kwa ADAT (waya wa mwanga wa kidijitali), utadhani maiki ya tisa iko ingizo la 9. Kwenye intafesi nyingi 9 na 10 ni za S/PDIF (njia nyingine ya kidijitali), hivyo iko 11. Tena waya mmoja wa ADAT hubeba chaneli 8 kwa 48 kHz, lakini kwa 96 kHz hubeba 4 tu, kwa hiyo amua kiwango hicho cha kHz kabla ya kugawa chaneli. Ukisikia vijimlio vya "tik, tik", kagua saa ya kidijitali (clock) ya vifaa: kifaa kimoja kiongoze, kingine kifuate.

3. draw.io. Bure, na toleo la kompyuta halihitaji mtandao. Ni ya ramani ya chumba. Kila mraba uwe sm 50, upime umbali humohumo: maiki ikiwa sm 30 kutoka kwenye udi, maiki ya jirani iwe angalau sm 90 kutoka kwa hiyo ya kwanza. Urefu wa waya usiupime kwa mstari ulionyooka. Waya hufuata ukuta na kupanda stendi, ongeza mita 3.

4. OmniGraffle na programu za ramani za jukwaa. Michoro inapendeza, sawa. OmniGraffle ni ya vifaa vya Apple peke yake, na zile za jukwaa zimelenga spika za monita kuliko priampu. Kama unayo tayari, itumie badala ya draw.io. Kuinunua kwa kazi hii tu, hela hiyo bora ikanunue waya za maiki (XLR).