Filamu za kutisha za bajeti ndogo, wanyama wakali na magonjwa: zipi zinastahili bando lako

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka asome aya hii aondoke zake. Ukitaka filamu ya kutisha ya bei rahisi yenye mnyama mkali, chagua ile ambayo mnyama mwenyewe anaumwa. Zile za dude kubwa la mpira au la kompyuta zitakuchekesha kidogo, halafu utaanza kuangalia saa. Za ugonjwa zinakaa na mtu mpaka asubuhi, na sababu ni ya kifedha tu: kirusi hakihitaji kushonewa nguo. Mtayarishaji asiye na hela akitengeneza mamba wa mita kumi, mshono tutauona. Akimpa mwigizaji jasho, kikohozi na macho mekundu, kazi imekwisha, mengine tunayajaza wenyewe watazamaji.

Kazi yangu ni ya mifugo. Nachanja mbwa, ng'ombe na kuku, na nimewahi kuona mbwa mwenye kichaa kwa macho yangu, si kwenye kioo. Hilo limeniharibia baadhi ya filamu na kuzipandisha nyingine. Nyingi nimeziangalia usiku kwenye simu, chache kwenye TV ya sebuleni pamoja na shemeji yangu, ambaye anasema hapendi damu lakini haondoki. Zote ni za Kiingereza. Manukuu ya Kiswahili sikuyapata popote, na ile programu ya bure niliyotumia hukata filamu kwa tangazo la biashara pale pale mtu anapofungua mlango wa stoo. Jiandae.

Ya zamani kuliko zote kwenye orodha yangu ni The Killer Shrews ya mwaka 1959. Ilipigwa Texas, nje ya Dallas. Mwanasayansi kisiwani anatafuta namna ya kuwafanya binadamu wawe wadogo ili chakula duniani kitoshe, na virukanjia wake wa majaribio wanafanya kinyume, wanakuwa wakubwa kama mbwa. Kama mbwa kweli kweli, maana ndivyo walivyo: mbwa wa kuwindia waliovalishwa manyoya na mikia bandia. Wanakimbia kwenye mchanga kwa furaha ya mbwa aliyefunguliwa banda. Ikifika zamu ya kuonyesha meno kwa karibu, kinaletwa kichwa cha kuvaa mkononi. Shemeji alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Sasa subiri. Ndani ya filamu hiyo hiyo kuna kitu kizuri ambacho hakikugharimu senti. Watu wa kisiwani waliwatega virukanjia kwa sumu; hawakufa, bali sumu ikabaki kwenye mate yao. Kwa hiyo hata kuguswa na jino ni kifo. Msaidizi mmoja wa maabara anang'atwa, na badala ya kupiga mayowe anakaa kwenye taipureta na kuandika dalili zake mwenyewe moja baada ya nyingine, mpaka vidole vinasimama. Hakuna mnyama kwenye fremu. Ni mtu, mashine na dakika zinazoyoyoma. Hapo tulinyamaza wote wawili. Na wazo lenyewe si la ajabu sana kisayansi, kwani kuna aina ya kirukanjia wa Amerika ya Kaskazini ambaye mate yake yana sumu halisi, ingawa unaweza kumfunika kwa kiganja.

Mwisho wake sitausema wote. Itoshe kwamba kuna mapipa ya chuma, na watu wanatembea wakiwa ndani yake wamechuchumaa. Filamu hii haina tena hakimiliki Marekani, ipo bure mtandaoni, na haizidi dakika 70 kwa kiasi kikubwa. Naipa 2 kati ya 5, lakini iangalie. Laiti ingepita kwenye kibanda umiza enzi zile za wale jamaa wa kutafsiri filamu kwa sauti, ingekuwa 4.

I Drink Your Blood ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni habari nyingine. Kundi la vijana wanaoabudu shetani linaingia katika mji mdogo uliokaribia kuhamwa na kumfanyia ubaya msichana mmoja na babu yake. Mdogo wa yule msichana anampiga risasi mbwa mwenye kichaa, anafyonza damu yake kwa bomba la sindano, kisha anaidunga kwenye mikate ya nyama ambayo vijana wale watakula. Kuanzia hapo ni povu na mapanga. Marekani waliipa daraja la X, yaani la watu wazima tu, kwa sababu ya ukatili, na jina lenyewe halina uhusiano na hadithi: mtayarishaji alilibandika ili aiuze pamoja na filamu nyingine iliyokaa kabatini miaka kadhaa, akaipa na hiyo jina la kufanana. Duka la jumla hufanya vivyo hivyo na biskuti zilizododa.

Hapa ndipo taaluma yangu iliponikaba koo. Kirusi cha kichaa cha mbwa hakikai kwenye damu. Kinaingia kwenye jeraha, kinapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha kinashuka kwenye tezi za mate, na mate ndiyo yanayoambukiza. Mpango wote wa yule mtoto usingefanya kazi. Halafu wagonjwa wanachanganyikiwa ndani ya saa chache, wakati kwa binadamu dalili huchukua kwa kawaida mwezi mmoja hadi mitatu, na wakati mwingine zaidi ya mwaka. Nilimweleza shemeji haya yote, akanijibu, "Shem, acha tuangalie."

Kitu kimoja wamekipata, nacho ni maji. Mgonjwa wa kweli akijaribu kunywa, misuli ya koo inakaza kwa maumivu, mpaka kuyaona tu maji kunamtia hofu. Filamu inalibeba hilo na kulifanya silaha: watu wenye mapanga wanarudishwa nyuma kwa kumwagiwa maji. Ni upuuzi, na ni upuuzi uliotungwa na mtu aliyesoma walau ukurasa mmoja kuhusu ugonjwa wenyewe. Lakini filamu nzima inachosha, wanyama wanateswa na kuuawa bila sababu, na waigizaji wanapiga kelele kama wanalipwa kwa sauti. 1 na nusu. Usiiangalie na watoto, na kama unapenda kuku usiiangalie kabisa.

Kutoka hapo nilikwenda Cujo ya mwaka 1983, na ningekushauri uende hapo moja kwa moja. Haikuwa filamu ya mafukara, lakini ukiitazama unaona jinsi ilivyojibana: mbwa mmoja, gari moja bovu, mama na mtoto, uani kwa fundi gari, jua kali. Mbwa ni St. Bernard, wale wakubwa wenye nywele nyingi na sura ya upole. Anamfukuza sungura, anachomeka kichwa kwenye shimo, popo anamng'ata puani. Basi. Nusu ya filamu inafuata anavyoharibika.

Nilitegemea uongo, nikakuta umakini. Kwanza ni pale alipong'atwa. Kadiri jeraha linavyokuwa karibu na ubongo ndivyo ugonjwa unavyowahi kujitokeza, kwa hiyo pua si mahali pabaya pa kuanzia hadithi ya haraka. Pili ni sauti. Mbwa mwenye kichaa huweza kushtushwa vibaya na kelele, na humu simu inapolia ndani ya nyumba mbwa analivamia gari kana kwamba gari ndilo lililopiga. Tatu, na hili ndilo lililonigusa, ni tukio la ukungu. Mtoto wa mwenye mbwa anamkuta asubuhi, amelowa, anatokwa mate, anaunguruma. Wanatazamana. Mbwa anageuka na kuondoka, na wewe unajua kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho kumtambua mtoto yule. Nimesimama mbele ya mbwa wa namna hiyo, mwenye nyumba akiniambia, "Huyu hajawahi kung'ata mtu." Ndiyo, mzee. Yeye ndiye mgonjwa wa kwanza.

Filamu nyingi za wanyama hazilijui hilo. Zinamtaka mnyama awe na chuki. Hapa hana chuki, ana homa ya ubongo, na ndiyo maana unamwogopa na kumhurumia kwa wakati mmoja.

Utengenezaji wake una visa vya kuchekesha. Walitumia mbwa kadhaa, kichwa cha mashine, na hata mtu aliyevaa vazi la mbwa. Povu mdomoni lilikuwa ute wa mayai na sukari, na mbwa wakawa wanalilamba kabla kamera haijawaka. Mikia nayo ililazimika kufungwa, kwani mbwa walifurahia kazi na kuitikisa katikati ya mashambulizi. Ukijua hayo utaitafuta mikia, kama nilivyofanya mara ya pili, na hutaiona. Mpiga picha ni Jan de Bont, na kuna sehemu kamera inazunguka ndani ya gari, tena na tena, hadi kichwa kikauma pamoja na yule mama. Dee Wallace anaigiza kwa mwili mzima. Joto la lile gari nililisikia hadi nikafungua dirisha.

Udhaifu upo: robo ya kwanza imejaa mambo ya ndoa yenye matatizo, na unaweza kwenda kuteka maji urudi. Pia mwisho wa riwaya ya Stephen King, ambayo filamu imetokana nayo, ni mkali kuliko wa filamu. Naipa 4 na nusu.

Kwa kuwa kila niliyemwonyesha Cujo huniuliza, nijibu hapa hapa. Ukiumwa na mbwa au popo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni mchubuko. Dalili zikishaanza, tiba ya kutegemewa hakuna. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi Asia na Afrika, na karibu vyote vinatokana na mbwa. Haya, turudi kwenye filamu.

Cabin Fever ya 2002, ya Eli Roth, ilitengenezwa kwa kama dola milioni 1.5. Vijana watano, nyumba ya msituni, maji yaliyoingiwa na ugonjwa unaokula ngozi. Ucheshi wake ni wa kitoto na sikuupenda, lakini jinsi marafiki wanavyomfungia mwenzao bandani mara tu anapoanza kuumwa inatia baridi kuliko vidonda vyenyewe. 3.

Iliyonishinda kabisa ni The Bay ya 2012. Mwongozaji ni Barry Levinson, yule aliyepata Oscar kwa Rain Man, na hapa alifanya kazi kwa takriban dola milioni 2. Mji wa kubuni wa Claridge, kwenye ghuba ya Chesapeake huko Maryland, unasherehekea uhuru wa Marekani tarehe 4 Julai 2009. Jua, bendera, shindano la kula kaa. Mchana watu wanaanza kutoka malengelenge. Kila kitu tunakiona kupitia kamera za watu wa kawaida, za polisi, za hospitali, za simu, na binti mwanahabari anatusimulia kilichotokea.

Chanzo ni kinyesi cha kuku kutoka mashamba makubwa ya kibiashara, kinachoingia majini na kumlea mdudu asiyestahili kukua. Mdudu wa kweli yupo na anaitwa Cymothoa exigua. Anaingia kwa samaki kupitia matamvua, anang'ang'ania ulimi hadi unanyauka, kisha anabaki mdomoni akikaa mahali pa ulimi. Mdudu huyo hana habari na binadamu. Filamu ndiyo imemkuza na kumbadilishia mlo. Uchafuzi wa Chesapeake nao si wa kutungwa, mbolea na samadi za mashambani zimeisumbua ghuba ile miaka mingi, na Levinson alifuatwa kwanza ili atengeneze makala ya kweli kuihusu. Mimi ninayeshinda kwenye mabanda ya kuku nilikaa kimya nikiwaza mifereji yetu inaelekea wapi.

Mdudu mwenyewe unamwona kidogo sana, na hiyo ndiyo akili ya filamu. Anayetisha ni daktari wa hospitali ya mji, anayezungumza kwa video na watu wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani. Yeye anawaonyesha wagonjwa, wao wanakisia. Ukumbi unajaa. Kadiri saa zinavyokwenda wauguzi wanapungua, yeye habanduki. Ukiwa uliishi mwaka 2020 ukiwa na akili timamu, mazungumzo hayo utayatambua, ingawa yaliandikwa kabla. Meya naye anafanya kile mameya wa filamu hizi hufanya, anakataa kuharibu sherehe.

Msimulizi anaongea kupita kiasi, hasa mwanzoni, na watu ni wengi mno kiasi kwamba wengine wanakufa kabla hujakariri nyuso zao. Naipa 4, pungufu ya Cujo kwa sababu hiyo tu. Tumia earphone, sauti zake ndogo ndogo za maji na za koo zinapotea kwenye spika ya simu.

Za papa wanaorushwa na kimbunga, Sharknado ya 2013 na ndugu zake, nimeangalia ya kwanza nikaishia hapo. Inajua kwamba ni takataka na inakukonyeza kila dakika, na mtu anayekukonyeza hawezi kukutisha. Ukiwa na wageni na popcorn, weka. Ukiwa peke yako na MB zimebaki kidogo, weka Cujo.