Ahmedabad: ukienda kufuata mzigo usiishie madukani

Hii naandikia hasa wenzangu tunaoendaga Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo la Gujarat kule India, kufuata vitambaa, maana ratiba zetu nazijua, ukitua ni sokoni, hotelini, sokoni tena, kisha uwanja wa ndege. Na ukisema una siku moja ya kutembea kila mtu atakwambia kimbia Agra ukaone Taj Mahal, wakati kutoka Ahmedabad hadi huko treni inakula usiku mzima, kwa siku moja hutoboi. Mi nasema Taj iache, amka saa moja asubuhi uingie mji wa zamani kwa miguu.

Mji wenyewe aliuanzisha Sultan Ahmed Shah mwaka 1411, na 2017 UNESCO wakauweka kwenye urithi wa dunia, mji wa kwanza India kupata hiyo. Manispaa yao wana matembezi ya asubuhi ya kulipia, mnaanzia hekalu la Swaminarayan pale Kalupur, la mwaka 1822, yani mbao zimechongwa na kupakwa rangi mpaka macho yanachoka, halafu mnamalizia Jama Masjid ya 1424. Katikati hapo ndo utamu. Mnapitishwa kwenye mitaa yao ya zamani wanaita pol, vichochoro vina geti lake, nyumba zimebanana, na juu ya nguzo kuna vibanda vya kulishia ndege vimenakshiwa kama vitu vya maana kweli (na kwao ni vya maana). Kuna sehemu sanamu ya mshairi Dalpatram imekaa pale ilipokuwa nyumba yake, watu wanakaa nayo wanapiga picha kama babu yao. Kama ushapita Mji Mkongwe Zanzibar utakuwa unaona mlango unajiuliza huu nimeuona wapi, na si ajabu, baadhi ya milango ya kule Unguja inajulikana kabisa kama ya Kigujarati.

Jama Masjid ina nguzo kama 260, tulivu, ua mkubwa, vua viatu na uwe na soksi maana jua likipanda jiwe linaunguza kwelikweli. Minara ilianguka kwenye tetemeko la 1819, vimebaki visiki tu.

Sasa kilichonipeleka hasa ni msikiti wa Sidi Saiyyed. Ni mdogo, uko katikati ya foleni na mahoni, unaweza ukaupita usijue. Umejengwa 1573 na Sidi Saiyyed, mtu mwenye asili ya Uhabeshi, ndio, Mwafrika mwenzetu, alikuwa na cheo enzi za mwisho za masultani wa Gujarat. Ukuta wa kibla una madirisha ya nusu duara ya jiwe lililotobolewa, na moja lina mti, matawi yanajikunja yanapitana, majani membamba kama ya kudarizi, mti kama mnazi umejipenyeza humohumo, na vyote ni jiwe, hakuna uzi hapo. Mi nauza nguo, lesi naijua, nilisimama natafuta wapi kakosea sikupaona. Kwa India kibla ni magharibi kwahiyo nenda alasiri, jua linapiga kutoka nyuma na mwanga unapenya kwenye kila kitundu. Dirisha la katikati limezibwa kwa jiwe tupu, inasemekana Wamughal, watawala wa dola kubwa ya kaskazini mwa India, waliivamia Gujarat kabla kazi haijaisha. Kina mama wenzangu, ndani kwenye kuswalia haturuhusiwi, tunaangalia kutoka uani na nje, hilo lilinikera kidogo ila dirisha lenyewe kwa nje unaliona vizuri tu. Kiingilio hamna.

Kwa Gandhi pale Sabarmati, makazi yake ya zamani, nilipita haraka, bure pia, pametulia kando ya mto, ndipo alipotokea tarehe 12 Machi 1930 kwenda Dandi, kijiji cha pwani, kwa miguu kupinga kodi ya chumvi ya Waingereza. Nyumba yake ni ya kawaida mno, utashangaa.

Ukibakiwa na muda nenda Adalaj, nje ya mji kidogo, kisima cha ngazi cha 1499, ghorofa tano zinaenda CHINI, kila ukishuka joto linapungua, nguzo zote zimechongwa. Wanasimulia malkia Rudabai alijitupa humo asije akaolewa na sultani aliyemuua mumewe, mi sijui, ila kisima kizuri balaa.

Kero yangu ni usafiri. Dereva mmoja wa bajaji alinitajia bei nikacheka, aliposhusha akataka kwanza tupitie duka la "ndugu yake". Tumia app au patana kabla hujakaa.

Usiku malizia Manek Chowk, mchana ni maduka ya dhahabu, usiku wanafunga yanatolewa majiko. Pav bhaji yake (mchuzi wa mboga zilizopondwa, unaliwa na mkate) siagi inaelea, mwambie apunguze kama tumbo lako la shida, na kulfi, aiskrimu yao ya maziwa, ipo ya kila aina. Nyama usitafute pale, ni mboga tupu, na pombe Gujarat imepigwa marufuku, wageni mpaka uwe na kibali.

Nawapa 4 na nusu kati ya 5, hiyo nusu nimekata kwa ajili ya vumbi na honi. Nenda kati ya Novemba na Februari, Mei wenyewe wanakimbia joto.