CT na MRI baada ya kiharusi: uzoefu wangu Mbeya

Kwa kazi ya fiziotherapia, picha ya ubongo naihitaji kwa swali moja: njia ya neva inayoshuka kutoka ubongoni hadi mkononi imekatika au imebaki? Kwa swali hilo, huduma ya hapa Mbeya naipa nyota tatu kati ya tano.

CT (picha za eksirei za vipande vya ubongo) ni ya haraka, dakika chache tu mgonjwa ameshashuka. Damu iliyovuja huonekana nyeupe papo hapo. Lakini mshipa wa damu ukiziba, saa za mwanzo picha inaweza kutoka safi kabisa, na kati ya wiki ya pili na ya tatu, uvimbe ukipungua, sehemu iliyokufa inaweza tena kufanana na ubongo wenye afya. Ndugu wakisoma "hakuna tatizo" huku mkono umelegea, wanaanza kutafuta ugonjwa mwingine, na siku za mazoezi zinapotea. Inaniuma sana.

MRI (picha za sumaku), hasa aina yake iitwayo DWI, huonyesha sehemu iliyokosa damu mapema zaidi. Mimi sitazami ukubwa wa doa peke yake. Doa la sentimita moja kwenye kapsula ya ndani, zinakopita nyuzi za mwendo zikiwa zimebanana, linaweza kuupoozesha mkono zaidi kuliko doa kubwa la sehemu ya mbele ya ubongo.

Kinachoharibu picha ni kutikisika. Mgonjwa atalala kama nusu saa kwenye kelele, kwa hiyo akojoe kwanza, kichwa kikazwe kwa sponji, na kama Kiswahili kinampa shida, ndugu amweleze kwa Kinyakyusa au Kisafwa kabla hajaingia. Betri ya moyo (pacemaker) itajwe siku ya kuomba kipimo, kwa sababu ya sumaku. Mtu asitoke Kyela aje kurudishwa mlangoni.

Nyota mbili zimepotea kwenye makaratasi. Fomu inaandikwa "kiharusi" tu, na majibu yanarudi mafupi vilevile. Andikeni upande uliolegea, tarehe na saa kiharusi kilipoanza, na alama za nguvu za siku ya tatu (0 hakuna mwendo, 5 nguvu kamili): kuinua mkono kwa pembeni kutoka begani 0 hadi 5, kunyoosha vidole 0 hadi 5. Jumla ikifika 5, matumaini ya mkono ni mazuri hata bila MRI. Pesa hiyo iende kwenye mazoezi. Ikiwa chini ya 5, ombeni kapsula ya ndani itajwe kwenye ripoti, na mchukue CD yenye picha zote, maana filamu huwa na vipande vichache vilivyochaguliwa.