Joto la kaskazi: Fort Jesus au Gedi?

Januari pwani ya Kenya, jua ni kali. Fort Jesus, Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina uwanja mpana usio na kivuli. Saa saba mchana mawe yanarudisha joto usoni. Nafuu ipo juu ya kuta, kwenye upepo wa bahari. Ingia saa mbili asubuhi, ukitoka unywe dafu.

Gedi, mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu, magofu yake yamo msituni. Miti mikubwa imeota katikati ya kuta, mizizi imekumbatia mawe, hivyo hata adhuhuri unatembea kivulini. Ila upepo haufiki. Jasho linakutoka umesimama tu, na mbu wapo. Hata hivyo, ukiwa na wazee au watoto, nenda Gedi, kwa ajili ya kivuli.