TAHADHARI: Lubumbashi kuna muuzaji anayeuza bunju mla samaki akimwita samaki mpole wa tangi la pamoja

Ndugu wapendwa wa Lubumbashi, hasa ninyi mnaofuga samaki wa mapambo majumbani, naandika haya nikiwa na hasira na aibu. Kuna kijana anayezunguka mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo na Katuba akijiita fundi wa akwariamu. Anafuga samaki uani kwenye nyumba aliyopanga, na simu yake imejaa picha za matangi ya kupendeza. Ameniuzia bunju, yule samaki anayejivimbisha, huku akiapa kwamba anaishi vizuri na samaki wengine, na bunju huyo ameniulia frontosa wangu, samaki wa mapambo wa buluu kutoka Moba, kando ya Ziwa Tanganyika. Mliowahi kufika nyumbani mnajua wale frontosa walikuwa nini kwangu na ni nani aliyewaleta, kwa hiyo hilo sitalieleza tena.

Alinipokea kwa heshima zote, karibu mama, keti mama, akafuta kioo cha tangi kwa mkono wa shati lake, akawasha tochi ya simu na kuielekeza chini kabisa, kwenye mchanga. Mwanzoni sikuona kitu. Akaniomba nitazame karibu na jiwe, ndipo nikaona macho mawili madogo na mdomo ulioelekea juu, mwili wote ukiwa umefukiwa, mwekundu kama tofali lililochomwa. Samaki wadogo wa rangi ya fedha walikuwa wanapita juu ya mdomo ule, wengine wakikaribia kumgusa, naye hakutikisika. Kijana akagonga kioo kwa ukucha, samaki akatulia vilevile. Akatia kidole majini na kukoroga juu ya kichwa chake, bado akatulia. Kisha akanigeukia na kuniambia: "Mama, umejionea mwenyewe. Huyu hana ugomvi na mtu, kazi yake ni kulala. Ukimpeleka kwako, wale frontosa hawatajua hata kama ameingia."

Sikutoa fedha bila kuuliza. Nilimwuliza anakula nini, akasema chakula kikavu kilekile ninachowapa wengine. Nilimwuliza kuhusu maji, kwa sababu maji ya Tanganyika ni mazito kwa chumvichumvi na pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, hufika karibu 9, nami huyatengeneza ya kwangu kwa taabu ili yafanane nayo. Akajibu bila kusita kwamba samaki huyu ametoka ziwa lilelile, kwamba ni jirani wa frontosa, wamezaliwa maji mamoja. Alimpigia mtu simu mbele yangu, akaweka sauti ya juu, na mtu huyo, aliyedai kuwa mteja wa mtaa wa Bel-Air, akamsifu bunju wake kwa maneno ambayo sasa naona yalikuwa yamepangwa. Akaniandikia risiti. Nikalipa dola 60, nusu mkononi na nusu kwa simu, naye akanifungia samaki katika mfuko wenye hewa, akanisindikiza hadi barabarani na kunibebea mfuko huo kwa mikono miwili.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angemwamini. Dada yetu wa kwaya, mnayemjua, alinunua kwake samaki wa dhahabu ambao wako hai mpaka leo. Tena ni kweli kwamba Tanganyika kuna bunju: yupo yule mkubwa aitwaye Tetraodon mbu, anayekua hadi sentimita 67 hivi. Kwa hiyo uongo wake ulikuwa umefungwa ndani ya ukweli, na samaki mwenyewe nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiwaacha wenzake wapite.

Shemeji wa Kinshasa, ambaye kazi yake ni samaki, alipotumiwa picha alimtambua mara moja. Huyu ni Tetraodon miurus, aliyeelezwa na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1902, samaki wa Mto Kongo sehemu za kati na za chini, ambaye Tanganyika hayupo kabisa. Ule ulalaji niliosifiwa ndio uwindaji wake. Hujifukia mchangani, hubadili rangi kufuata mahali alipo, huacha macho na mdomo tu nje, na samaki akipita juu yake humvuta au humkata. Meno ya bunju ni manne yaliyoungana yakawa mdomo wa kukatia, na hayaachi kukua, ndiyo maana wanaomfuga humpa konokono na vitu vyenye magamba magumu ili yasagike. Akishashiba anaweza kukaa siku kadhaa bila kumgusa mtu. Kijana yule alikuwa amemlisha kabla sijafika, nami sina shaka juu ya hilo, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa mviringo na yeye akaniambia huo mviringo ni afya.

Kwangu alikaa kimya mwanzoni, kisha asubuhi moja nikamkuta frontosa mkubwa anaogelea kwa upande, ubavu wake umekatwa kipande cha nusu mwezi, safi, kama kwa mkasi. Waliofuata walikatwa mikia na mapezi, na wadogo hawakuonekana tena. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuona.

Niliporudi kwake na risiti, alicheka. Akaniambia kwamba ikiwa samaki ananiudhi, nimchome nimle na ugali. Hapo ndipo niliona kwamba jambo hili si la frontosa peke yao. Samaki wengi wa jamaa ya bunju hubeba sumu iitwayo tetrodotoksini, hasa kwenye maini, mayai na ngozi. Kupika hakuiondoi, dawa ya kuizuia haijapatikana, na humuua mtu kwa kulegeza misuli ya kupumua. Japani mpishi hawezi kuandaa bunju bila kibali maalumu. Mtu anayemwambia mama wa watoto amchome bunju amle hafai kubaki sokoni hata siku moja zaidi. Arudishe fedha za kila aliyemlaghai, avunje matangi yake mbele ya shefu wa kartiye, yaani kiongozi wa mtaa, na akikataa apelekwe mahakamani. Ulaghai ni kosa katika Kanuni ya Adhabu ya nchi hii, kifungu cha 98, na sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo bado inatumika, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro alizozificha. Asionewe huruma kwa sababu ni kijana na ana maneno matamu. Frontosa hukua polepole sana, na wale walikuwa wamechukua miaka.

Dalili ni hizi, kwa kadiri ninavyozikumbuka sasa. Alikataa kumlisha mbele yangu, akasema ameshakula. Kwenye risiti aliandika "samaki mwekundu wa mapambo" bila jina la aina yake. Samaki wadogo wa tangi lile walikuwa wachache mno kwa ukubwa wake, na mmoja hakuwa na mkia. Namba iliyopokea fedha ilikuwa na jina tofauti na lake.

Ikiwa tayari unaye, mtoe leo hii, umweke peke yake katika tangi lenye mchanga wa kutosha kujifukia. Usimwinue kwa wavu, kwa sababu akitoka majini anaweza kuvimba kwa hewa na hewa hiyo humletea shida kuitoa. Mkinge kwa bakuli chini ya maji na umhamishe pamoja na maji yake. Kisha tafuta risiti yako, hata kama imechakaa, na uniandikie. Jumatatu asubuhi naenda kwa shefu wa kartiye, na nataka tuingie pale tukiwa wengi.