Tathmini ya mpango wa Miji ya Biashara ya Haki: uzito wake uko kwenye manunuzi

Mpango wa kuzitambua jamii kuwa Miji ya Biashara ya Haki, yaani biashara inayompa mkulima masharti bora ya kuuza mazao yake, ni huduma ya aina yake, kwa kuwa anayejiunga nao ni mji mzima, ilhali anayekusudiwa kunufaika ni mkulima wa kahawa, kakao au ndizi ambaye huenda hatakanyaga kamwe katika mji huo. Kwa sababu hiyo naupima kwa swali moja tu: je, mji ukishapata hadhi hiyo, mazao ya wakulima hao yananunuliwa kwa wingi zaidi? Nauunga mkono mpango huu kwa moyo wote, lakini naona kwamba masharti yake yanaridhika upesi mno na bidhaa kuonekana rafuni.

Kuenea kwake hakuna ubishi. Mwaka 2000, Garstang, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ulijitangaza kuwa wa kwanza duniani baada ya kampeni ya daktari wa mifugo Bruce Crowther na wenzake wa kikundi cha shirika la misaada la Oxfam. Shirika la Fairtrade Foundation, linalosimamia alama ya Fairtrade kwenye bidhaa nchini Uingereza, lililichukua wazo hilo na kuliwekea masharti matano ambayo mji wowote ungeweza kuyafuata. Clonakilty ya Ireland ilifuata mwaka 2003, Media katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani mwaka 2006, Wolfville ya Kanada mwaka 2007, na mwaka 2008 Wales ikatangazwa kuwa taifa la kwanza la biashara ya haki. Kumamoto ya Japani ilipotambuliwa mwaka 2011, miji ilikuwa imefika 1,000. Leo imepita 2,000 katika nchi zaidi ya 30. Kinachonipendeza zaidi katika historia hii ni New Koforidua ya Ghana, mji wa wakulima wa kakao uliofunga udugu na Garstang na baadaye wenyewe ukapata hadhi hiyo, kwani hapo mzalishaji anaingia katika mpango kama mshirika.

Masharti yenyewe yanaeleweka kwa urahisi: halmashauri ipitishe azimio la kuunga mkono biashara ya haki na kutumia bidhaa zake katika ofisi na mikutano yake, maduka na migahawa iziuze, sehemu za kazi, shule na nyumba za ibada zizitumie, wananchi waelimishwe kupitia matukio na vyombo vya habari, na kamati ya kudumu isimamie yote hayo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye sharti la maduka. Nchini Uingereza, idadi ya maduka inayotakiwa hupangwa kulingana na idadi ya wakazi, na duka huhesabiwa likiwa na aina chache tu za bidhaa zenye alama ya Fairtrade. Sharti hilo lilikuwa na maana wakati ambapo bidhaa hizo zilikuwa adimu, lakini sasa maduka makubwa huziuza kwa uamuzi wa makao makuu yao, na mji unaweza kulitimiza bila kufanya kazi yoyote. Uamuzi huohuo wa makao makuu unaweza pia kuziondoa: mwaka 2017 kampuni ya maduka makubwa ya Sainsbury's iliiondoa alama ya Fairtrade kwenye chai inayouzwa kwa jina lake, na mwaka 2020 Nestlé ikafanya hivyo kwa chokoleti ya KitKat inayouzwa Uingereza.

Kwa mkulima, hesabu ni nyingine kabisa. Tangu Agosti 2023, bei ya chini kabisa inayoruhusiwa na Fairtrade kwa kahawa ya arabika iliyooshwa ni dola za Marekani 1.80 kwa ratili, pamoja na nyongeza ya senti 20 ambayo wanachama wa ushirika huamua wenyewe namna ya kuitumia. Hata hivyo, chama cha ushirika chenye cheti cha Fairtrade hupata masharti hayo kwa kiasi kile tu ambacho mnunuzi amekubali kukichukua chini ya alama. Mavuno yaliyobaki huuzwa kama kahawa nyingine yoyote. Kwa hiyo pakiti iliyokaa rafuni ili kamati iihesabu ina thamani ndogo mno ikilinganishwa na mkataba wa mwaka mzima wa kulisha shule na hospitali za mji.

Ndiyo maana ningelitanguliza sharti la halmashauri, tena kwa namna kali kuliko ilivyo sasa. Azimio linalozungumzia chai ya mikutano tu ni jepesi. Azimio linaloingia katika zabuni hugusa tani za bidhaa. Kisingizio kwamba sheria hairuhusu kimepungua nguvu, angalau barani Ulaya: mwaka 2012, katika kesi ya mashine za kahawa za jimbo la Noord-Holland nchini Uholanzi, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali kwamba asili ya bidhaa katika biashara ya haki inaweza kuzingatiwa katika kumchagua mzabuni, mradi mamlaka ieleze vigezo vyenyewe badala ya kudai lebo fulani peke yake.

Marekani kuna ugumu mwingine, kwani shirika la Fair Trade USA lilijitenga na Fairtrade International, shirika la kimataifa la alama ya Fairtrade, mwaka 2011 ili lithibitishe pia kahawa ya mashamba makubwa, jambo ambalo vyama vingi vya wakulima wadogo vililipinga. Mkazi wa kawaida hukutana na alama kadhaa, na kamati ya mji inapaswa kumweleza waziwazi tofauti zake.

Hadhi hii ina muda wake na huombwa upya, utaratibu ninaoupongeza kwa sababu unaizuia kamati kulala. Ningependa fomu ya kuombea upya idai pia kiasi cha kahawa, chai, sukari na ndizi zilizonunuliwa na halmashauri, shule na hospitali katika kipindi kilichopita. Mji unaofikiria kujiunga usisubiri kulazimishwa: uanze na afisa wake wa manunuzi, uangalie mikataba inayokaribia kuisha, ndipo uende madukani.