Uzoefu wangu: ziara ya mguu ya watumwa watoro, Beacon Hill, Boston

Jumamosi nimeenda na shemeji yangu aliyekuja kutusalimia kutoka Morogoro, dola 25 kila mtu, masaa mawili kwa mguu, na kile kilima si mchezo, mkija na mtu mzima mwambieni avae viatu vya maana.

Mimi niko huku mwaka wa saba na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nilikuwa navijua juujuu tu, kwamba Kusini walichoka kuingiliwa na serikali kuu ya Washington wakajitoa, basi. Sasa dada aliyetuongoza akatusimamisha Phillips Street namba 66, kwenye nyumba ya Lewis na Harriet Hayden ambao wenyewe walitoroka utumwa Kentucky, akaanza kutueleza sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa watoro, aliyoisaini Rais Fillmore. Yaani mwili ulinisisimka. Kwetu mtoro ni mtoto anayekwepa shule, huku enzi hizo mtoro ni mtu mzima ana kazi yake na mke wake hapo Boston, anakamatwa, haruhusiwi kutoa ushahidi wa kujitetea, na kamishna anayeamua kesi akimrudisha kwa bwana wake analipwa dola 10, akimwachia dola 5. Shemeji aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Ukimficha mtu wa hivyo ni faini mpaka dola 1,000 na jela mpaka miezi 6, na raia wa kawaida anaweza kuamriwa asaidie kumkamata.

Ndo hapo kichwa changu kikageuka, maana kwenye jambo hili Kusini ndo walikuwa wanaitaka Washington iingie kwa nguvu kwenye majimbo ya wenzao!

Nyumba hiyohiyo ilimficha William Craft aliyetoroka Georgia na mkewe Ellen mwaka 1848, Ellen akiwa amevaa kama bwana wa kizungu na mumewe akijifanya mtumwa wake. Wakamataji walivyofika 1850 watu wa mtaa waliwasumbua mpaka wakaondoka, ila akina Craft ikabidi wakimbilie Uingereza.

Kilichoniudhi ni sehemu ya Anthony Burns, tumepewa dakika tano pale Court Square, palipokuwa na mahakama, kwa sababu kundi lingine lilikuwa linasubiri, na kifaa changu cha kusikilizia kilikuwa kimeisha chaji. Jamani ndo moyo wenyewe wa stori! Juni 2, 1854 huyu kijana aliyetoroka utumwa Virginia alitembezwa na wanajeshi mpaka melini arudishwe kwa bwana wake, maelfu ya watu wamejaa barabarani, majengo yamefungwa vitambaa vyeusi kama msiba, na siku tatu tu kabla ya hapo sheria ya Kansas na Nebraska, iliyowaachia wakazi wa maeneo hayo mapya waamue wenyewe kama wataruhusu utumwa, ilikuwa imesainiwa. Watu waliokuwa wanasema utumwa ni mambo ya Kusini huko waliuona ukipita mbele ya maduka yao. Mwaka uliofuata Massachusetts ikatunga sheria kali ya kuwazuia maofisa wake wasishiriki kuwarudisha watoro, na South Carolina ilivyojitoa Desemba 1860 iliandika malalamiko hayohayo, kwamba majimbo ya Kaskazini hayawarudishi watoro, na Massachusetts imetajwa kwa jina.

Burns mwenyewe alikombolewa kwa pesa 1855, akafa mchungaji Canada 1862. Hili nililipata kwa kumuuliza dada njiani wakati tunarudi stesheni, alinijibu kwa upole sana.

Nawapa nyota 4. Ile moja ni ya Burns, nimewaandikia waongeze nusu saa pale mahakamani.